Kila Lebo Ina Hesabu Yake: Mwongozo Kamili wa Kusimamia Lebo na Machapisho Kiwandani

Siagi ya karanga laini na siagi ya korosho zikishafungwa kwenye kopo la aina moja, ni vigumu kuzitofautisha kwa macho. Rangi zinakaribiana, mafuta yanaelea juu vilevile, kifuniko ni kilekile. Kinachomwambia mama dukani kwamba hili ni la korosho na lile ni la karanga ni karatasi iliyobandikwa ubavuni. Mtoto mwenye mzio wa karanga akilishwa kopo lenye lebo ya korosho huku ndani mna karanga, anaweza kuvimba koo na kushindwa kupumua ndani ya dakika chache. Kiwanda kinaweza kuwa kimekaanga vizuri, kimesaga vizuri, kimepima sumukuvu na kupata majibu safi, na bado kikamdhuru mteja kwa stika moja iliyokaa pasipo pake.

Viwanda vya dawa vinalijua hili siku nyingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa utengenezaji bora wa dawa unataka lebo zitunzwe mahali salama, ziguswe na watu walioruhusiwa tu, na zilizopitwa na wakati ziharibiwe na kuharibiwa kwake kuandikwe. Huku kwetu kwenye chakula, sabuni na vipodozi, hasa kwenye viwanda vidogo, lebo hukaa kwenye boksi wazi kando ya meza na kila mwenye shida anajichotea. Sukari ina kufuli, mafuta yana kufuli, lebo hazina. Naamini lebo inastahili kufuli kabla ya sukari, na mwongozo huu unaonyesha namna ya kufika huko bila kununua programu wala mashine kubwa.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue kiwanda cha mfano cha watu kama kumi na tano mjini Mtwara, mkoa wenye korosho, karanga na ufuta. Kina bidhaa nne: siagi ya karanga laini, siagi ya karanga yenye chengachenga, siagi ya korosho na siagi ya ufuta. Zote zinafungwa kwenye kopo la gramu 400, na bechi moja, yaani fungu moja la uzalishaji, inatoa makopo kama 480. Wewe unayetengeneza sabuni ya maji Mwanza au juisi ya machungwa Muheza, badilisha majina tu, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Toa kila chenye maandishi, kiweke mezani

Anza kwa kukusanya kila kitu kilichochapwa kinachotoka nje na bidhaa yako: lebo ya mbele, lebo ya nyuma, karatasi ya kuziba mdomo wa kopo, stika ya ofa, katoni, stika ya katoni, kipeperushi. Wa juisi, maji na soda wana pia stempu za kodi za kielektroniki za TRA, mamlaka ya mapato, mfumo ulioanza mwaka 2019. Hizo zina masharti yake ya kutunzwa na kuhesabiwa, nawe usizichanganye na lebo zako.

Andika orodha yenye jina la chapisho, bidhaa yake, ukubwa, mchapaji, na idadi iliyopo leo. Utakuta mambo: lebo za anwani ya zamani, katoni zenye namba ya simu iliyokwisha fungwa, stika za bidhaa mliyoacha kuitengeneza. Usizitupe bado. Ziweke kwenye boksi moja, andika “ZISITUMIKE”, funga kwa gundi ya karatasi, tutazirudia baadaye.

Hatua ya 2: Andika maneno kabla ya kumwona mbunifu

Makosa mengi ya lebo huzaliwa kwenye meseji za WhatsApp. Mwenye kiwanda anamtumia mbunifu picha ya lebo ya mwenzake, anamwambia “nifanyie kama hii, weka jina langu”, na mbunifu anaacha viambato vya yule mwingine. Dawa yake ni karatasi moja kwa kila bidhaa, tuiite karatasi mama, yenye kila neno, kila namba na kila alama itakayokuwa kwenye lebo. Mbunifu anapanga yaliyomo humo tu, haongezi wala hapunguzi.

Kwa chakula kilichofungashwa, msingi wake ni kiwango cha Afrika Mashariki EAS 38, ambacho kinakwenda sambamba na kile cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, cha kuweka lebo kwenye vyakula. Karatasi mama ya siagi ya karanga iwe na:

- jina la bidhaa linaloeleza chakula chenyewe, mbali na jina la chapa;
- viambato kuanzia kilicho kingi zaidi hadi kilicho kidogo;
- tamko la wazi la kinacholeta mzio: “Ina karanga”. Mashine ya kusaga ikiwa moja kwa bidhaa zote, sema pia kwamba imetengenezwa mahali panaposagwa korosho na ufuta;
- uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi ilikotengenezwa;
- nafasi tupu ya namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi;
- namna ya kuhifadhi.

Kwa soko la Tanzania lugha ni Kiswahili au Kiingereza. Ushauri wangu ni kuweka zote mbili, na tamko la mzio lianze kwa Kiswahili, kwa sababu anayelihitaji zaidi ni yule anayemlisha mtoto nyumbani.

Herufi ndogo ni tatizo letu la kudumu. Umoja wa Ulaya, kwenye kanuni yake namba 1169 ya mwaka 2011, unataka herufi ndogo kama “x” isipungue milimita 1.2 kwa vifungashio vya kawaida, na vyakula vya mzio vikolezwe ndani ya orodha ya viambato. Hata kama huuzi Ulaya, chukua kipimo hicho. Chapa lebo kwa ukubwa wake halisi, ibandike kwenye kopo, mpe mtu mzima aliyezoea miwani aisome bila miwani yake. Akishindwa, ongeza.

Kuhusu alama: alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) inawekwa baada ya bidhaa hiyo kupata leseni, na leseni ya siagi ya karanga haiibebi siagi ya korosho. Usichape ukitarajia. Mjasiriamali mdogo huanza safari hiyo kwa barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, na tangu mwaka 2019 shughuli za chakula na vipodozi zilizokuwa TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, zimehamia TBS, kwa hiyo lebo yenye namba ya TFDA ni ya kustaafishwa.

Msimbo milia (barcode), ile mistari inayosomwa kaunta, nao una mambo yake. Namba zinazoanza na 620 hutolewa na GS1 Tanzania, shirika la namba za msimbo milia, za Kenya huanza na 616. Kila bidhaa na kila ujazo unahitaji namba yake: kopo la gramu 400 na la gramu 800 ni namba mbili. Usiazime namba ya jirani. Milia iwe nyeusi juu ya nyeupe. Milia myekundu inaonekana vizuri kwa macho yetu, lakini skana nyingi zinatumia mwanga mwekundu, kwa hiyo zinaiona kama nyeupe na kopo linakataa kusomeka kaunta. Acha pia nafasi tupu pembeni, kama milimita 4 kushoto na 2.5 kulia kwa ukubwa wa kawaida, na kwenye kopo jembamba geuza milia ilale kama vipandio vya ngazi ili isijikunje.

Hatua ya 3: Lipe kila toleo namba yake

Chini kabisa ya lebo, kwa herufi ndogo, weka namba ya toleo. Mfano KL-400-T3: karanga laini, gramu 400, toleo la tatu. Ukibadilisha hata nukta moja, inakuwa T4. Namba hiyo hiyo iwe kwenye karatasi mama, kwenye jina la faili la mbunifu, kwenye oda ya mchapaji, kwenye kadi ya stoo na kwenye rekodi ya bechi. Mtu akiuliza lebo gani ilitumika mwezi wa nne, jibu liwe “T3”, lisiwe “ile ya kijani ya zamani kidogo”.

Jambo la pili hapa ni rangi ya ukingo. Acha kila bidhaa iwe na mstari wa rangi yake unaofika mpaka ukingoni mwa lebo: karanga laini njano, chengachenga kahawia, korosho bluu, ufuta kijani. Ukizipanga lebo zilizokatwa kuwa kitita na kukitazama ubavuni, kitita chote kinaonyesha rangi moja. Lebo moja ya korosho ikiingia katikati ya karanga, utaona uzi wa bluu ndani ya njano hata kabla ya kukifungua kitita. Mchapaji hakutozi zaidi kwa hilo, na ukaguzi wa kitita kizima unakuwa wa kutupia jicho.

Hatua ya 4: Mkabe mchapaji kwa maandishi

Oda kwa mdomo ni mwanzo wa ugomvi. Andika aina ya karatasi, ukubwa, idadi, namba ya toleo, na mambo matatu ambayo wengi huyasahau.

La kwanza, asichape lebo za bidhaa mbili kwenye shiti moja. Wachapaji wa Kariakoo na kwingineko hupenda kukusanya kazi ndogondogo pamoja ili kuokoa karatasi, na bei inashuka kweli. Lakini kisu kikipita, lebo zinaangukia kwenye kitita kimoja, na kuzichambua ni kwa macho ya mtu aliyechoka. Kanuni za Marekani za utengenezaji wa dawa zinakataza uchapaji huo kwa lebo za bidhaa au ujazo tofauti, isipokuwa zimetofautishwa vya kutosha kwa ukubwa, umbo au rangi. Akikupunguzia bei kwa njia hiyo, tofauti yake utailipa siku ya kurudisha mzigo kutoka madukani.

La pili, mabaki. Shiti zilizoharibika mashineni kwake zina lebo zako nzima nzima. Mkubaliane kwamba atazikata mbele ya mtu wako au atakurudishia zote.

La tatu, hachapi chochote bila pruufu, yaani nakala ya majaribio ya lebo, iliyosainiwa. Kuisoma pruufu ni kazi ya watu wawili. Mmoja ashike karatasi mama asome kwa sauti, neno kwa neno, namba kwa namba, hadi koma. Mwingine afuate kwa kidole kwenye pruufu. Kisha wabadilishane. Aliyeandika maneno asiwe msomaji pekee, jicho lake linaona alichokusudia. Skani msimbo milia kwa simu na uhakikishe namba inayotoka ni ya bidhaa hiyo. Mkimaliza, sainini nakala mbili: moja ibaki kwa mchapaji, moja kwenye faili yenu.

Juu ya kiasi cha kuoda: bechi nne kwa mwezi ni makopo kama 1,920, kwa hiyo lebo 10,000 zinakula miezi mitano. Hapo panatosha. Lebo za gundi, kwa kawaida, watengenezaji huzipa miaka miwili zikitunzwa kwenye nyuzi joto 22 hivi na unyevu wa asilimia 50, hali ambayo stoo ya pwani haiijui. Mtwara, Tanga au Mombasa, jiwekee mwaka mmoja kuwa mwisho.

Hatua ya 5: Pokea kama unavyopokea malighafi

Mzigo ukifika, usiingie stoo moja kwa moja. Uweke kwenye rafu ya kusubiri. Mkaguzi wa ubora achukue lebo za juu, za katikati na za chini kutoka kwenye kila boksi, azilinganishe na pruufu iliyosainiwa: maneno, rangi, ukubwa, namba ya toleo, usomaji wa msimbo milia. Abandike moja kwenye kopo lililopakwa mafuta kidogo kisha kupanguswa, alikague kesho yake kama kingo zimeinuka. Siagi za karanga huvuja mafuta, na gundi isiyovumilia mafuta utaijua hapo, kabla mteja hajaijua.

Kisha idadi. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi. Lebo zilizokatwa zihesabu kwa vitita vya mia mia. Zilizo kwenye roli, pima kwa mizani: kata lebo 100 pamoja na karatasi yake ya chini, zipime, upate uzito wa moja. Tuseme 100 zina gramu 85, yaani moja ni 0.85. Roli nzima ina gramu 1,105, na gamba la katikati likiwa tupu lina gramu 85. Zinabaki 1,020. Gawanya kwa 0.85, unapata lebo 1,200. Andika idadi hiyo kwenye roli yenyewe kwa kalamu nzito, pamoja na tarehe ya kupokea.

Hatua ya 6: Kabati lenye kufuli

Huhitaji chumba. Kabati la chuma lenye kufuli linatosha kiwanda cha bidhaa nne, likiwa na rafu moja kwa kila bidhaa, na siagi ya karanga laini isikae jirani na ya korosho. Zinazofanana zipe nafasi zikae mbali. Kila rafu iwe na kadi ya stoo: zilizoingia, zilizotoka, kwa bechi gani, zilizorudi, salio, saini. Funguo ziwe kwa mtunza stoo na mtu mmoja wa akiba. Zilizotangulia kuingia zitangulie kutoka, na toleo moja tu la kila bidhaa liwe kabatini kwa wakati mmoja.

Katoni ni kubwa, haziingii kabatini, lakini nazo ni machapisho. Zipange juu ya paleti, mbali na ukuta, bidhaa moja paleti moja.

Hatua ya 7: Kutoa lebo na kuchapa tarehe

Lebo zinatoka kwa bechi, hazitoki kwa siku wala kwa mtu. Msimamizi wa uzalishaji anajaza fomu: siagi ya karanga laini, namba ya bechi, makopo 480, lebo KL-400-T3 idadi 500. Mtunza stoo anahesabu, anayepokea anahesabu tena mbele yake, wote wanasaini. Lebo zinapelekwa mezani ndani ya chombo chenye mfuniko kilichoandikwa jina la bidhaa. Mikononi au mfukoni hapana.

Namba ya bechi na tarehe ndiyo sehemu ya lebo inayobadilika kila siku, na ndiyo inayokosewa zaidi. Mtu mmoja apange tarehe kwenye printa au muhuri, achape moja, mwingine aikague dhidi ya fomu kabla ya kuendelea. Andika mwezi kwa herufi, mfano 04 MEI 2026, kwa sababu 04/05 mmoja atasoma Mei na mwingine Aprili. Ukitumia printa ya riboni, chagua riboni ya rezini. Riboni ya nta ni rahisi kwa bei, ila mafuta ya karanga yakiigusa tarehe inafutika kwa kidole. Karatasi zile za risiti zinazochapika kwa joto bila riboni usizitumie kabisa kwa bidhaa inayoweza kukaa juani, zinageuka nyeusi.

Chapa tarehe kwenye lebo unazohitaji tu, kwa mafungu. Lebo ikishapata tarehe hairudi stoo. Ikibaki, inaharibiwa na kuandikwa.

Hatua ya 8: Meza safi kabla ya kopo la kwanza

Hapa ndipo nimeona makosa mengi zaidi kuliko kwa mchapaji. Bechi ya korosho imeisha saa tano, ya karanga inaanza saa tano na robo, na lebo nne za korosho zimebaki chini ya mizani. Jioni zimeshabandikwa.

Kabla ya kila bechi, meza inakaguliwa na mtu ambaye hakufanya bechi iliyopita. Aangalie juu ya meza, chini yake, sakafuni, ndani ya printa, kwenye pipa la taka, chini ya mizani, nyuma ya mikeka ya mpira, na mifukoni mwa aproni. Makopo ya bechi iliyopita yaondoke yote, hata lile moja “la kuonja”. Pipa la taka limwagwe lianze tupu. Akiridhika, anasaini kwenye rekodi ya bechi na kuandika saa. Bila saini hiyo, lebo hazifunguliwi.

Kopo la kwanza likibandikwa, msimamizi na mkaguzi walisome lote. Bandika lebo moja iliyochapwa tarehe kwenye rekodi ya bechi yenyewe. Karatasi hiyo itakusemea siku TBS wakija au mteja akilalamika. Kila nusu saa chukua makopo machache uangalie tena jina, tarehe, unyoofu na katoni yanamoingia. Meza moja, bidhaa moja. Kama mna oda mbili za haraka, wekeni meza mbili zenye kizuizi katikati, au ya pili isubiri.

Hatua ya 9: Kufunga hesabu

Hii ndiyo hatua inayobeba zile nyingine zote. Ukiwa na muda wa kuanza na hatua moja tu wiki hii, anza na hii.

Mwisho wa bechi, kabla mtu hajavua aproni, hesabuni mambo manne: lebo zilizo kwenye makopo yaliyokwenda stoo, zilizo kwenye makopo ya sampuli, zilizoharibika, na zilizobaki bila tarehe zinazorudi. Jumla ilingane na zilizotolewa.

Mfano wa bechi yetu:

Zilizotolewa: 500
Makopo yaliyoingia stoo: 472
Sampuli za kutunza: 4
Zilizoharibika: 13
Zinazorudi: 9
Jumla: 498

Zimepungua 2. Kwa lebo zilizokatwa na kuhesabiwa kwa mkono mara mbili, mbili si “chache tu”. Tafuteni: kopo lenye lebo mbili zilizolaliana, lebo iliyonata chini ya katoni, iliyonata kwenye soli ya kiatu, kopo lililochukuliwa na mgeni wa bosi. Mkizipata, andikeni zilipokuwa. Msipozipata, mkaguzi wa ubora ndiye anayeamua kama bechi inatoka, na anaandika kwa nini. Kwa roli, ambazo hesabu yake ya mwanzo ilitoka kwenye mizani, jiwekeeni kiwango cha tofauti kinachovumilika kutokana na bechi zenu wenyewe za nyuma, kisha mkiheshimu.

Sasa angalia upande wa pili. Jumla ikija 503 wakati zilitolewa 500, watu wengi hupumua: afadhali zimezidi. La hasha. Kuzidi ni kubaya kuliko kupungua. Lebo hazizai. Kama hesabu ya kutoa ilikuwa sahihi, basi lebo tatu zimeingia kutoka kwingine, na huenda zimeshabandikwa kwenye makopo yaliyomo katonini. Hapo bechi nzima inasimama. Fungueni katoni zote, someni makopo yote 476 moja moja. Watu wawili kazi hiyo haiwamalizii siku, na hakuna njia ya mkato.

Sampuli nazo zihesabiwe kwa sababu hizo ndizo zinazosahaulika. Mtu anampelekea mnunuzi makopo mawili ya kuonja, hayaandikwi popote, kesho yake mnatafuta lebo mbili chini ya meza ambazo ziko Masasi.

Kuna jambo la watu hapa. Viwanda vingine humkata mfanyakazi pesa kwa kila lebo anayoiharibu. Matokeo yake lebo iliyokunjamana inafichwa mfukoni, inatupwa chooni, au inabandikwa hivyo hivyo ikiwa imepinda. Hesabu inakuwa ya uongo na wewe ndiye uliyeifundisha iwe ya uongo. Weka daftari au ubao wa kubandikia zilizoharibika, kila moja inabandikwa hapo, wazi, bila mtu kuulizwa kwa ukali. Mwisho wa wiki tazama ubao: kama nyingi zimekunjamana kona ileile, shida iko kwenye mashine, kwenye gundi au kwenye makopo yenye mafuta. Akina dada wanaobandika watakuambia sababu kabla hujamaliza kuuliza, wakijua hawakatwi.

Hatua ya 10: Kubadilisha toleo, na kuharibu la zamani

Mabadiliko huja utake usitake: kiambato kimebadilika, mmehama, umepata leseni ya TBS, au sheria ya soko imegeuka. Tangu Januari 1, 2023, Marekani inataka ufuta utajwe kama chakula cha mzio, ukiwa wa tisa kwenye orodha yao. Mwenye siagi ya ufuta anayewapelekea ndugu zetu wa huko alilazimika kutoa toleo jipya hata kama ndani ya kopo hakuna kilichobadilika.

Andika kwenye fomu moja nini kinabadilika, kwa nini, nani ameidhinisha, na toleo jipya linaanza na bechi ipi. Sahihisha karatasi mama kwanza, kisha pruufu, kisha oda. Siku toleo jipya linaingia kabatini, la zamani linatoka siku hiyohiyo. Mazungumzo ya “tumalizie kwanza zilizobaki” yafanyike wakati wa kupanga, na jibu linategemea kilichobadilika. Rangi imebadilika? Malizia, ukiandika. Namba ya simu? Huenda. Mzio, viambato au uzito? Hata lebo moja ya zamani isitoke.

Kubandika stika ya kusahihisha juu ya lebo kunawezekana kwa jambo dogo, kwa idhini ya maandishi ya mkaguzi, na baada ya kuwauliza TBS linapogusa kilichosajiliwa. Kufunika tarehe kwa tarehe nyingine hapana, kwa sababu yoyote ile.

Sasa lile boksi la “ZISITUMIKE”. Lebo nzima ikitupwa dampo ni mtaji wa mwenye bidhaa bandia: makopo matupu yanaokotwa bure, na yeye alikuwa amebakiwa na lebo tu. Usiziuze kwa wanunuzi wa karatasi chakavu, wala usiziache ziwe za kufungia karanga barabarani. Zikate katikati ya jina la chapa au zichane, kisha zichomwe mahali panaporuhusiwa, mbele ya watu wawili. Andika toleo, idadi, tarehe, saini mbili, na salio la kadi ya stoo lisome sifuri. Mtake mchapaji afute faili na kukurudishia au kuharibu pleti (bamba za kuchapia) za toleo hilo.

Ukikuta lebo yako kwenye bidhaa isiyo yako, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia Tanzania Bara, na utakuwa na nguvu zaidi ukiwa umesajili alama yako ya biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Unayeuza Zanzibar, kumbuka usajili wa BRELA hauvuki bahari, kule kuna wakala wao, BPRA.

Hatua ya 11: Rudi nyuma kutoka dukani

Mara moja kila robo ya mwaka, nunua kopo lako mwenyewe dukani. Kwa kutumia namba ya bechi na namba ya toleo zilizo kwenye lebo tu, jaribuni kupata: fomu ya kutoa lebo, aliyekagua meza, hesabu ilivyofungwa, oda ya mchapaji, pruufu iliyosainiwa, gunia la karanga lilitoka wapi, na makopo mengine ya bechi hiyo yalikwenda maduka gani. Pimeni muda.

Hili lina uzito wa pekee kwetu wa karanga na mahindi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilizuia chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu hiyohiyo. Simu ya namna hiyo ikipigwa kwako, mwenye namba za bechi zinazoaminika anaondoa bechi moja sokoni. Asiye nazo anaondoa kila kitu chenye jina lake.

Zoezi likikwama, liandikeni lilipokwama na mrudi kwenye hatua husika: mara nyingi itakuwa ya 7 au ya 9. Rekodi zote za bechi zitunzwe mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi ipite, na mwaka mmoja juu yake, kwenye faili moja kwa kila bidhaa, zikipangwa kwa namba ya bechi.